Nyoka Aliyelalia Diski ya Pili

Mwaka 1998, msimu wa mvua ya mawe ya Agosti, nikiwa na umri wa miaka hamsini na miwili kasoro siku tisa, marehemu mume wangu alinitembelea ofisini. Cheka ukitaka. Mimi ni Mkristo, sinywi pombe, na tarehe niliiandika: Alhamisi, tarehe ishirini, saa nane mchana.

Nilikuwa karani wa kompyuta katika kiwanda cha chai upande wa Boito. Rejista ya wakulima ilikaa katika diski mbili zilizounganishwa na programu. Kila neno liliandikwa katika zote mbili, ili moja ikifa nyingine ibaki. Mwezi Mei shamba letu lilikuwa limetolewa katika jina la marehemu na kuandikwa kwa jina langu. Fomu ya mabadiliko hayo iliharibika mvua ya mawe ilipotoboa paa la stoo. Haki yangu yote, basi, ilikuwa ndani ya diski hizo, na shemeji yangu alikuwa ameshatangaza sokoni kwamba mwanamke harithi majani chai.

Alhamisi hiyo fundi Njoroge alikuja kukagua kama diski zinalingana. Hazikulingana.

"Si neno, Mama Cheptoo. Naiamuru ijirekebishe, tunywe chai."

"Itajuaje ipi inasema kweli?"

"Haijui. Inanakili ya kwanza juu ya ya pili, basi."

Kabla hajabonyeza, nyoka mweusi aliingia mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti changu, palipotundikwa sweta ya marehemu, akapanda mezani na kujikunja juu ya sanduku la diski ya pili.

Njoroge alikuwa juu ya stuli. "Leteni panga!"

"Panga la nini? Huyo ni mgeni."

"Mgeni gani hana miguu?"

"Mgeni niliyemzalia watoto sita. Shuka hapo, unatuaibisha."

Kwetu Wakipsigis, nyoka akiingia nyumbani na kuelekea kitandani hauawi. Ni mtu wa ukoo aliyerudi, na humwagiwa maziwa. Ofisini hakuna kitanda, lakini ni nani asiyeijua sweta yake mwenyewe? Nikamwaga sakafuni maziwa ya chai yetu.

"Baba Cheptoo," nikasema, "umekonda. Umekuja kusema nini?"

Hakusogea. Nikamtazama, nikaitazama diski aliyoilalia, nikaelewa.

"Njoroge, usirekebishe. Zitenganishe, usome kila moja peke yake."

Alibonyeza akiwa amenyoosha mikono kama mtu anayeota moto mkali. Diski ya kwanza ilikuwa inakufa, haikuyapokea maandishi ya Mei. Bado ilimtaja marehemu. Ya pili ilikuwa na jina langu. Ndipo mgeni akashuka, akatoka kuelekea kwenye mashamba ya chai. Kama aliyagusa maziwa, sitaapa.

Tangu hapo sijaketi kazini bila maziwa kikombeni, na nakuonya nawe: usikimbilie kusawazisha vitu viwili vinavyobishana kabla hujavisikiliza vyote, wala usimpige mgeni kwa sababu ya umbo alilokuja nalo.

Ijumaa, tarehe 11 Desemba, kamati ya kiwanda iliketi. Shemeji aliuliza ni nani shahidi.

"Diski ya pili," Njoroge akajibu, uso mkavu kama mzee wa kanisa, "na marehemu mwenye shamba mwenyewe."

Shamba likathibitishwa kuwa langu. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na minne. Siku hiyo ya kamati nilitia sahihi majina yangu yote matatu, taratibu, shemeji akisubiri nimwachie kalamu atie yake.