Nieleze Tena Kuanzia Mwanzo

Siku ya kwanza bibi yule hakunifungulia mlango. Alinitazama kupitia dirisha dogo la pembeni, akataka kitambulisho, nikakibandika kwenye kioo huku vidole vikiganda kwa baridi. Kisha akaondoka kwenda kuipigia simu kampuni iliyonituma kumhudumia. Namba niliyomtajia mimi hakuitaka. Alitafuta yake mwenyewe kwenye barua ya zamani waliyowahi kumtumia. Mimi nimesimama pale kibarazani, mjini Champlin, Marekani, theluji inanipiga usoni, nimeendesha gari kutoka Blaine kwenye barabara inayoteleza, na badala ya kukasirika nilimpenda papo hapo. Nikasema moyoni, huyu ni mwenzangu.

Mimi ni mtu wa shaka. Nimekulia Tanzania, ambako kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kutoka kwa mtu asiyemjua. Fundi wa gari akiniambia breki zimekwisha, naenda kwa fundi wa pili. Mchungaji akianza kuhubiri kuhusu kutoa, nashika mkoba wangu. Dada mmoja Mkenya, aliyenifundisha kazi ya kuhudumia wazee majumbani, alikuwa amenionya kuhusu bibi huyo: "Huyo shosho ha-trust mtu. Fanya shift yako tu, usi-argue na yeye, uende home." Sikuona ubaya wowote katika sifa hiyo.

Bibi alitoka Urusi. Kwa miaka mingi alikuwa mpelelezi wa makosa ya utapeli katika mji mmoja mkubwa wa huko, mpaka alipostaafu na kuja Minnesota kuishi na mwanawe, ambaye mchana kutwa yuko kazini. Nilimwogesha, nikampikia, nikahakikisha amemeza dawa, halafu tukakaa mezani na chai. Jamu hakuipaka kwenye mkate, aliila kwa kijiko, huku akinifundisha sheria kana kwamba kesho nina mtihani.

Watu wanadhani utapeli ni uongo tu, aliniambia. Sheria ya kwao inauweka pamoja na wizi, ila ni wizi wa namna yake: mali inachukuliwa kwa hadaa, au kwa kutumia vibaya imani ya mtu. Mwizi wa kawaida anakuombea usingizi. Tapeli anakutaka uwe macho, kwa sababu ni wewe utakayefungua kabati na kumkabidhi. Na mtu aliyekopa akashindwa kulipa si tapeli, labda uthibitishe kwamba tangu siku ya kwanza hakukusudia kulipa. Hiyo ndiyo kazi iliyomzeesha, alisema, kutafuta nia ndani ya kichwa cha mtu.

Habari za huko kwao alizisoma kila asubuhi kwenye tableti, akisonya. Mzee anapigiwa simu na anayejiita mtu wa usalama wa benki. Huyo anamkabidhi kwa anayejiita mpelelezi. Anaambiwa akiba yake iko hatarini, kuna uchunguzi wa siri, asimwambie hata mtoto wake. Wanambembeleza kwenye simu wiki baada ya wiki, mpaka anauza nyumba yake na kumpa fedha mjumbe anayekuja mlangoni. Akizinduka anakwenda mahakamani, na zipo mahakama zilizowarudishia wazee kama hao nyumba zao. Nikasema hiyo ni haki. Bibi akaniuliza, je, aliyenunua? Kijana na mkewe, wametoa kila walichojiwekea, sasa hawana nyumba wala fedha. Lakini kilichomkera kuliko vyote ni kwamba wameanza kutokea watu wanaouza nyumba kwa akili zao timamu, wanaficha fedha, kisha wanakwenda kulia mahakamani kwamba walitapeliwa.

Nilisikiliza kama mtu anayesimuliwa mambo ya mbali. Ndipo mdogo wake alipopiga simu.

Mdogo wake ni mjane. Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya ghorofani waliyoachiwa na wazazi wao, bibi akiwa amemwachia fungu lake zamani. Kwetu ilikuwa asubuhi, kwao jioni. Walizungumza kwa muda mrefu, simu ikiwa kwenye spika, bibi akitikisa kichwa, na alipokata simu alinieleza yote. Nyumba imeuzwa. Fedha amepewa mjumbe. Walionunua ni mke na mume wenye mtoto mdogo, nao wanataka kuhamia. Mdogo wake amefungua kesi na anaomba kitu kimoja tu: dada yake aandike kwamba katika wiki zile alimsikia kwenye simu akiwa amechanganyikiwa, hana hiari yake. Neno la mpelelezi mstaafu lingekuwa na uzito. Mahakama ikikataa, anakwenda kupanga chumba uzeeni. Ikikubali, mtoto wa wale wengine ndiye anayetolewa nje.

Tabu ni kwamba bibi hakuwa amesikia lolote la ajabu. Katika wiki zile walisalimiana kama kawaida, wakazungumzia magoti na hali ya hewa.

Hakumpa jibu. Alifanya alichokuwa akifanya ofisini kwake maisha yake yote: alisubiri siku chache, akampigia, akamwambia amweleze tena kuanzia mwanzo. Aliweka spika tena, ili apate kuandika. Nilikuwa naosha vyombo. Kirusi sijui hata salamu, lakini masikio ninayo. Sauti ilipanda ilipopanda mara ya kwanza, ikashuka iliposhuka, ikanyamaza kidogo, kisha kilio. Alilia palepale alipolia mara ya kwanza. Nilifunga bomba la maji.

"Umesikia?" bibi akaniuliza baadaye.

"Nimesikia."

"Aliyeibiwa kweli huchanganya," alisema. "Leo anaanza na mlango, kesho anaanza na simu. Anayetunga ndiye asiyesahau."

Nilimwambia asiandike. Nilimwambia bila kusita, na nisingekuwa mkweli nikificha kwamba nilifurahi, ile furaha ya kumbaini mtu. Nilirudi Blaine nikiwa na hakika kwamba mwanamke nisiyemjua, katika nchi nisiyowahi kukanyaga, amezificha fedha za nyumba chini ya godoro. Usiku nikamwonea huruma yule mtoto wa wanunuzi. Mdogo wa bibi sikumwonea huruma hata chembe.

Lakini bibi hakutulia. Alikuwa anaacha chai inapoa. Siku moja akaniambia kwamba mdogo wake alipokuwa mtoto hakuweza kudanganya, alikuwa anaona haya mpaka masikio yanakuwa mekundu. Halafu papo hapo akajirudi, akasema masikio hayaonekani kwenye simu. Akasema atamhoji mara ya tatu, na safari hii atapima kila mlango na kila saa anayoitaja, na kama hadithi itatoka vilevile hataandika, hata wakosane milele.

Nilikaa karibu yake siku hiyo, nikijifanya napanga dawa. Alijitambulisha kwa mdogo wake wa damu kama wanavyojitambulisha maafisa, kwa sauti kavu, kwa sentensi fupi. Hata mimi nilitambua kwamba ile haikuwa sauti ya nyumbani. Akatoa amri yake. Nikangoja sauti ipande palepale. Haikupanda. Mdogo wake alisema maneno machache, taratibu, bila kilio chochote, kisha simu ikakatika.

Bibi aliiweka simu mezani. Nilimwuliza amesema nini. Alichukua muda kunitafsiria, kwa sababu alitaka kuyatoa maneno kama yalivyo.

"Amesema: mtu wa kwanza kuniambia nieleze tena kuanzia mwanzo ni yule tapeli aliyejiita mpelelezi. Wa pili ni polisi. Wa tatu ni wewe, dada. Na katika nyote watatu, aliyeniuliza kama nimekula ni yule wa kwanza peke yake."

Nilihisi aibu ikinipanda shingoni. Kisha, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikawaza kwamba maneno yale yalikuwa mazuri mno, kwamba mtu anaweza kukaa na kuyaandaa. Nilijichukia kwa kuwaza hivyo. Nikainua macho, na nikaona usoni mwa bibi kwamba na yeye anawaza jambo lilelile.

Alichukua simu akapiga tena, akisema kwa Kiingereza, kwangu au kwake mwenyewe, kwamba atamwuliza tu kama amekula. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.