Ukuta wa Kioo Aliokataa Rao Suqin

Mkurugenzi Ding alipotaka ukuta mzima wa kioo, sakafuni hadi darini, Rao Suqin alimkatalia mbele ya watu. Walikuwa kwenye kibanda cha mabati, kwenye kiwanja cha ujenzi wa hoteli ya Ding, kando ya bwawa, kusini mwa jimbo la Anhui, China. Ding alikuwa akimenya mbegu za alizeti na kutema maganda kikombeni.

"Upande wa magharibi, Mkurugenzi? Wageni wako watachemka kama tofu sufuriani."

"Mgeni analipia kuliona bwawa, Mhandisi Rao. Joto tutalifukuza kwa viyoyozi. Kwani umeme ni wa baba yako?"

Suqin, mhandisi na msanifu majengo wa wilaya, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mumewe alimwacha akisema kuishi naye ni kama kuishi mahakamani. Hakukanusha.

Akamgeuzia Ding kompyuta. Ofisi yao ilikuwa na programu ya akili mnemba iliyofundishwa kwa hoteli nyingi: unaipa mchoro, inakisia umeme utakaoliwa, kisha inaonyesha ni kitu gani kwenye mchoro kimepandisha makisio, kwa mstari mwekundu, na kipi kimeyashusha, kwa kijani. Kioo cha magharibi kilikuwa na mstari mwekundu mrefu kuliko yote.

Ding akasogea, akasoma, akaangua kicheko. "Na huu mwekundu wa pili? Si ule ua wako wa katikati, ulio wazi juu? Mashine inasema uzibwe. Haya dada, ukiiamini kwenye kioo, iamini na kwenye ua."

Kibanda kizima kikacheka. Suqin masikio yakamwaka moto. Aliuchora ule ua kwa kufuata nyumba za kijijini, ambamo hewa ya joto hupanda na kutokea juu, chini pakabaki baridi. Lakini vipimo vya kuthibitisha hilo hakuwa navyo.

"Siiamini," akasema. "Naihoji. Kama ninavyokuhoji wewe."

Akarudi ofisini kuibana programu. Ilifundishwa kwa majengo gani? Yote hoteli za mjini, madirisha yamefungwa mwaka mzima. Hata moja halikuwa na ua wazi. Ilikuwa ikitoa hukumu juu ya kitu isichowahi kukiona. Basi joto lilipopamba moto akabeba vipimajoto, akavitundika katika nyumba za kijiji. Mabibi wakamtania.

"We binti Rao, nyumba yetu ina homa?"

"Homa anayo Mkurugenzi, bibi. Nyie wazima."

Programu ikafundishwa upya kwa vipimo vile, na mstari wa ua ukageuka kijani. Hata hivyo ikashikilia kwamba ua ni mpana mno, unaingiza jua la mchana. Suqin alinuna, akabishana nayo, akapiga hesabu upya kwa mkono, kisha akaupunguza. Hilo lilimuuma kuliko kile kicheko.

Ding hakutikisika. Akamwekea mchoro wa kioo mezani. "Tia sahihi."

"Sitii."

"Nitamtafuta mwingine."

"Mtafute. Mimi nawapelekea wenye hisa wa hoteli yako sababu hizi, moja moja. Wabishane nazo wenyewe."

Akawapelekea kweli. Wenye hisa, ambao bwawa hawakulijali kama walivyojali bili ya umeme, wakamuuliza Ding maswali aliyoshindwa kuyajibu. Kioo kikahamishiwa chumba cha chai, upande wa kaskazini, chini ya upenu mrefu. Ua ukabaki. Suqin akaondolewa kwenye usimamizi wa ujenzi, na kwenye kibao cha shaba mlangoni yakaandikwa majina ya wote walioijenga hoteli isipokuwa lake.

Siku ya ufunguzi hakualikwa. Akaenda. Nje lami ilikuwa ikilainika kwa jua. Akakipita kibao, akavuta kiti cha mianzi, akaketi katikati ya ua, miongoni mwa wageni waliokuwa wakila tikitimaji bila kutoka jasho.

Msichana wa mapokezi akamjia. "Shangazi, una chumba hapa?"

"Sina."

"Samahani basi, hapa ni pa wageni."

"Mwambie Mkurugenzi Ding aje aniondoe mwenyewe," Suqin akasema, akivua viatu. "Na chai, mwanangu. Ya moto."