Dada yangu anaamini kitabu cha saba kilitoka mwaka jana

Admin, nifichie jina, maana hapa Mfaranyaki mafundi cherehani tunajulikana hadi kwa kikohozi. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mmoja, nina mke, watoto watatu na kitambi ambacho mwaka huu kimenilazimu kujishonea suruali upya mara nne. Elimu yangu ni darasa la saba, na hilo lenyewe nililimaliza kwa huruma za walimu. Aliyenifundisha kusoma sawasawa ni dada yangu mkubwa, nitamwita Gaudensia, anaishi Maposeni. Nilipokuwa najifunza ufundi alikuwa anakaa pembeni ya cherehani ananisomea riwaya. Utamu ukizidi, nilikuwa nashona mkono wa shati kwenye shingo.

Ndivyo tulivyoanza hadithi ya Mwelani, binti aliyeibiwa kivuli chake. Mwandishi aliahidi vitabu saba. Vikatoka sita. Cha sita kinaisha Mwelani amefika kwenye ngome vilikofungiwa vivuli vyote vilivyoibiwa, anaweka mkono kwenye lango, analisukuma. Basi! Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita. Kila mwaka mwandishi anasema "mwaka huu", na sisi tunaamini kama watoto walioahidiwa viatu vya Krismasi. Tuna kundi la WhatsApp, watu wa Namtumbo, Tunduru na hapa mjini, watu wazima na mvi zao, wanagombana kama lango lile linafunguka kwa ndani au kwa nje. Mnaotaka kucheka chekeni, tumezoea.

Macho ya dada yakaanza kufifia. Presha ya macho. Mwaka jana daktari akatuambia kilichopotea hakirudi. Dada hakulia. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari akaniambia, "Unajua mdogo wangu, mimi haya macho nilikuwa nayatunza. Hata kufuma vitambaa niliacha. Nilisema yabaki ya kitabu cha saba."

Ndugu zangu, mdomo ukafunguka kabla ya akili. Nikasema, "Dada, mbona kimetoka? Nilitaka nikushtukize."

Nikanunua kaunta buku, nikaanza kuandika. Kila Jumapili baada ya misa napanda bodaboda mpaka Maposeni, dada anapukuchua mahindi, mimi namsomea sura niliyoandika wiki hiyo. Nilimwambia kwenye kundi tumekubaliana hakuna kuzungumzia kitabu mpaka wote tumalize. Na kwa kuwa ujumbe wa simu yake namsomea mimi, malalamiko ya wenzetu nilikuwa nayaruka.

Uandishi wangu sasa! Vita sivijui, kwa hiyo kila majeshi yakikaribia kukutana, nanyesha mvua, watu wanarudi makwao. Siku moja dada akaacha kupukuchua.

"Huyu mwandishi amezeeka."

"Kwa nini, dada?"

"Zamani mtu akiingia alikuwa anaeleza uso wake. Siku hizi anaeleza suruali imemkaaje kiunoni."

Nikageuza ukurasa haraka. "Labda ameoa fundi."

"Labda," akasema, akaendelea na mahindi yake.

Nilimaliza mwezi uliopita. Kwangu mimi Mwelani anaingia ngomeni, anakitambua kivuli chake kwa sababu kinachechemea kama yeye, anarudi nacho nyumbani, mama yake anamfungulia mlango. Dada aliweka mahindi chini, mikono ikalala mapajani. Kisha akalia kile kilio ambacho kwa daktari hakukilia. Akasema, "Nilijua atarudi. Sasa nimetulia."

Wiki mbili zilizopita kitabu cha saba kilitoka. Cha kweli.

Nilikinunua siku kilipofika mjini. Ndani yake Mwelani anakikuta kivuli, lakini ili vivuli vitoke lazima mtu mmoja abaki. Anavitoa vyote, anabaki yeye. Lango linafungwa, mama yake yuko nje anasubiri. Ni kizuri, siwezi kudanganya tena. Changu kwake ni tambara la kufutia mafuta ya cherehani. Nilikilia juu ya gauni la bibi harusi wa watu.

Sasa mwenyekiti wa kundi, mwalimu mstaafu, akampigia dada. Jumamosi hii tunakutana hapa mjini kuzungumzia kitabu cha saba, je, amekisoma? Dada akajibu kwa fahari, "Nimekimaliza! Mdogo wangu kanisomea chote." Mzee wa watu akafurahi, akamwambia basi yeye ndiye atafungua mazungumzo. Jumapili nilimkuta dada anajizoeza. "Nitaanza na kile kivuli kinachochechemea," akaniambia. "Hapo lazima watu walie."

Mke wangu anasema, "Ulimdanganya peke yako, kamwambie peke yako." Ni kweli. Lakini vidonge vyake namsomea mimi. Karatasi za hospitali namsomea mimi. Akijua miezi yote hii nilikuwa namsomea uongo, kesho nikimsomea kitu ataniamini vipi? Na nikimsomea cha kweli, ninamrudisha Mwelani gerezani, na ule utulivu wake nauchukua kwa mikono yangu. Nikinyamaza, Jumamosi atasimama mbele ya watu aeleze kitabu ambacho hakuna aliyekisoma. Nikimzuia asije, nitasema nini? Naona nimebakiwa na uongo tu, na hata huo umeanza kuniishia.

Amenipa kitambaa nimshonee gauni la siku hiyo. Leo ni Jumatano, nimeshakata. Ameomba mifuko miwili, mmoja uwe mkubwa wa kuingia kitabu, anataka akishike mbele za watu. Mezani pangu kuna kaunta buku, na kuna kitabu chenyewe. Mfuko nitashona, hilo halinishindi. Ninyi mlio na akili kuliko mimi, na ni wengi, niambieni ndani yake nitie kipi.