Pikipiki ya umeme ya Mjomba ilivyozima mlimani na Bibi akiwa juu yake: faida, hasara na ungamo langu

Wakuu, habari za humu ndani. Wazee wa jukwaa shikamooni, vijana wenzangu mambo.

Nimepita kwenye uzi mmoja watu wanatoana macho kuhusu pikipiki za umeme. Mmoja anasema ni mkombozi, mwingine anasema ni friji lenye matairi. Nikaona niwaletee ya kwetu Bigwa, Morogoro.

Chumvi siongezi, iliyomo inatosha kupandisha presha. Na pale ninapoonekana mpumbavu sijafuta, ingawa mkono ulikuwa unawasha.

Mimi niko kidato cha tatu. Nyumbani tunaishi na Mjomba Rajabu, kaka yake mama, bodaboda wa siku nyingi. Sisi ni Waluguru, kwetu mjomba ndiye serikali. Akisema jambo, hata baba anatafuta pa kukaa. Ila juu ya Mjomba yupo Bibi, mama yake mzazi. Huyo ni katiba.

Sasa Mjomba akauza pikipiki yake ya mafuta, akanunua ya umeme.

Wakuu, aliipenda ile pikipiki. Aliiogesha asubuhi na jioni kama mtoto mchanga. Ikinyesha mvua, anatoka mbio kuitafuta kabla hajatafuta nguo zake kwenye kamba.

Bibi hakuielewa tangu siku ya kwanza. Aliizunguka, akaigusa kwa ncha ya kidole, akasema, "Kinatembea lakini hakipumui. Mimi hicho sikipandi."

Niwape faida kwanza. Haitikisi, mtu anashuka mgongo wake ukiwa bado wa kwake. Haina moshi, Mjomba akaanza kunuka sabuni, mpaka abiria akina dada wakaongezeka. Na haina kelele kabisa.

Hapo kwenye kelele ndipo penye faida na hasara kwa pamoja.

Ukiwa na pikipiki ya mafuta, unapita mbele ya wazee unapunga mkono tu, wanajua umesalimia ila mngurumo umemeza. Ya umeme haikuachii kisingizio. Unapita kimya, mzee anakusikiliza, shikamoo haijatoka. Jioni kesi imefika nyumbani. Mjomba ikabidi awe anapunguza mwendo kwa kila mwenye mvi. Kutoka kwetu mpaka barabara kuu alikuwa anatoa shikamoo kama kumi na tano, abiria nyuma anaangalia saa.

Tuje kwenye siku yenyewe.

Jumamosi moja kulikuwa na shughuli Mkuyuni, kumtoa mwali, binti wa upande wa dada yake Bibi. Na kwa utaratibu wa ukoo wetu, mwali hatoki ndani mpaka Bibi amfunge kanga kwa mkono wake. Watu wanasubiri, ngoma inasubiri, pilau linasubiri. Ilitakiwa afike kabla ya adhuhuri.

Mjomba akajitosa. "Mama, nakupeleka mimi. Chaji ikijaa tunafika Mkuyuni na nyingine inabaki."

Bibi akamtazama weee. Halafu akasema, "Rajabu, nitapanda mara moja. Ikinifikisha, mdomo wangu nimeufunga. Ikiniacha njiani, wiki ijayo inarudi ilikotoka, utafute ya mafuta kama wenzio."

Mjomba akakubali. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyemuweka mwanaye rehani.

Sasa wakuu, ungamo.

Asubuhi ile Mjomba aliichomoa kwenye chaji, imejaa mia kwa mia. Akaenda kunyoa, si unajua anakwenda shughulini kwa watu. Pikipiki iko uani, inanitazama. Mimi naitazama.

Ya mafuta huwezi kuiba, ukiwasha tu mtaa mzima umejua. Hii niliitoa getini mama akiwa anachambua mchele hatua tano kutoka kwangu. Hakuinua hata shingo.

Nikampitia rafiki yangu, tukapiga misele mpaka karibu na Kingolwira, tukarudi kwa fujo zote. (Msiniige, sina leseni, na akili ya siku hiyo sikuwa nayo pia.) Nikairudisha palepale. Chaji asilimia 61.

Nikajua nimekwisha, Mjomba akiangalia tu nimekwisha.

Hakuangalia! Wakuu, bodaboda wa Moro ameendesha pikipiki za mafuta miaka yote ambazo geji imekufa tangu zikiwa mpya. Kwake geji ni pambo kama kidani. Yeye anajua aliichomoa imejaa, basi imejaa.

Nikawaza nikae kimya, labda itafika. Kumbe balaa halijaisha. Bibi akagoma kupanda bila mtu wa kumshika kwa nyuma.

"Mume wangu yuko wapi? Aje anishike."

Mume wake ni mimi, utani wa bibi na mjukuu. Tukapanda mshikaki: Mjomba mbele, Bibi katikati na kapu lake, mimi kwa nyuma nusu kiti nusu hewani.

Mwanzoni raha. Bibi akawa anasalimia barabara nzima, na watu wanamsikia wanamwitikia. Tulipofika sehemu moja kuna kijito chini ya barabara akasema, "Rajabu, hapa pana maji?" Mjomba akamwambia siku zote yapo. Bibi akasema, "Nimepita hapa tangu niolewe, sijawahi kuyasikia."

Mjomba alitabasamu mpaka masikio yakasogea. Mimi nyuma nachungulia namba za chaji juu ya bega la Bibi. 38. Kilima. 29. Kilima kingine. 17. Milima ya kwetu inakula chaji kama mimi ninavyokula ubwabwa wa shughuli.

Kwenye mlima wa mwisho kabla ya kuteremkia Mkuyuni, ikazima.

Bibi hakujua! Hakuna mngurumo uliokatika, kwa hiyo alikaa tu ametulia anaangalia migomba. Baadaye ndiyo akauliza, "Mbona hii migomba haisogei?"

Tukashuka. Na hapo Mjomba akafanya kitu ambacho mpaka naingia kaburini sitakisahau.

Akailaza.

Wanaojua pikipiki wameshacheka. Kwa wasiojua: ya mafuta ikikata njiani, unailaza ubavu ili yale matone ya mwisho kwenye tangi yahamie upande wa bomba, unaiinua, unawasha, unafika kituoni. Mjomba mikono ilifanya yenyewe. Ameilaza pikipiki ya umeme barabarani, anaitikisa, na sikio ameweka asikie kama kuna kitu kinacheza ndani.

Akapita bodaboda mmoja wa mafuta, akasimama. "Shikamoo Bibi. Kaka, vipi, nikumiminie kidogo kwenye chupa?"

"Ya umeme hii," Mjomba akasema kwa sauti ndogo.

"Ya umeme? Na umeilaza?"

Mjomba akaiinua, akawasha kwa hasira. Ikawaka! Ikatembea kama hatua thelathini hivi.

Jamaa alishika kichwa. "Kumbe hata za umeme zinalazwa!" Naamini mpaka leo anafundisha watu huko kijiweni. Betri ilipumzika tu ikapata nguvu kidogo, tumesoma, ila nani angenisikiliza.

Ikazima tena. Safari hii kabisa.

Bibi akaangalia jua. Akasema neno moja la Kiluguru ambalo nikiliandika hapa mods wananipiga ban. Halafu akamgeukia mwanaye, taratibu, bila ukali.

"Rajabu. Wiki ijayo inarudi."

Mjomba akachuchumaa kando ya pikipiki. Alitoa kitambaa mfukoni, akaanza kuifuta vumbi ubavuni pale alipoilaza. Anaifuta tu. Bodaboda mzima, ndevu zimechongwa, anafuta pikipiki ambayo si yake tena.

Wakuu, mimi ni mtu wa masihara, darasani nimeshatolewa nje mara nyingi kuliko kengele. Lakini kile kitambaa kilinishinda.

"Bibi, siyo pikipiki. Ni mimi."

Nikatapika yote. Kunyoa, uani, Kingolwira, 61.

Mjomba alisimama na kitambaa chake. Nilihesabu umbali wa kukimbilia migombani. Lakini anayeongea ni katiba, serikali ikasubiri.

"Uliitoa mama yako akiwa uani?"

"Ndiyo Bibi."

"Hakusikia?"

"Haina kelele, Bibi."

Akanigeuzia mgongo. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, mpaka akashikilia kapu. "Mume wangu mwizi, na hana hata aibu ya kuiba kwa kelele!" Kisha akapanda kwenye kiti, akatengeneza kanga yake. "Haya. Umeme uliokula, utoe miguuni. Sukuma."

Nikasukuma. Bibi juu kama mwinyi, Mjomba anashika usukani, mimi nyuma ulimi nje. Mjomba hakunisaidia hata kwa macho. Mlima ulipoisha akapanda naye, tukateleza mteremko mpaka Mkuyuni, kimya, upepo tu.

Adhuhuri haijaadhiniwa. Bibi akaingia ndani kwa wanawake, akamfunga mwali kanga, vigelegele vikapasua anga.

Nikabaki nje na Mjomba. Hakunipiga. Alisema tu, "Ungeniomba ningekupa." Hiyo iliuma kuliko fimbo, wakuu.

Sasa shida ikawa kuchaji ya kurudia. Nyumba ile ina soketi moja inayofanya kazi, na imekaliwa na spika za DJ. DJ akagoma, anasema pikipiki itasubiri shughuli iishe.

Bibi akatoka ndani. Akauliza kuna nini. Akaambiwa. Akaenda mwenyewe mpaka kwenye waya wa spika, akauchomoa.

"Pigeni ngoma, ngoma haili umeme. Pikipiki yangu inachajiwa."

Mjomba akanigeukia. "Umesikia? Kasema yangu."

Ngoma zilipigwa kwa mikono mpaka alasiri. DJ alicheza pia.

Funzo langu: pikipiki ya umeme haipigi kelele, lakini namba yake kwenye kioo haijui kutunza siri, kwa hiyo mwenye nayo aiangalie kabla ya kutoka. Milima na mshikaki vinakula chaji, hilo msidanganywe na muuzaji. Na ukiharibu cha mtu anachokipenda, sema kabla hakijaondoka.

Haya, wenye za umeme mnaopanda milima, nyie mnafikaje? Na wale mliowahi kulaza ya umeme jitokezeni hapa chini, Mjomba wangu anasoma na anahitaji wenzake.