Viti vya Scovia na Tarehe Mosi

Mukandekezi hukupima kabla hajakusalimia. Ndilo jambo la kwanza mtu analoligundua akifika nyumbani kwake mtaani Kabeza, Kigali: macho yake yanashuka polepole kutoka begani hadi kiunoni, kichwa kinainama kidogo, ndipo linapokuja neno "Karibu." Ni fundi wa nguo, na futi ya kupimia haimtoki shingoni. Mumewe, Usumani, mwenye duka dogo la sukari na sabuni barabarani, hupenda kusimulia kwamba siku ya ndoa yao shehe alipouliza kama bibi harusi ameridhika, bibi harusi alijibu kuwa ameridhika na mume, ila kanzu yake imekatwa vibaya mabegani.

Basi hata mtoto Shami, Mukandekezi alimjua kwa vipimo kwanza, jina baadaye. Mtoto aliletwa amevaa gauni pana, shingo yake ikimteleza begani, na Mukandekezi alilipunguza usiku uleule huku mtoto amelala. Alikuwa na umri wa miaka minne. Jamaa wa kumtunza hawakuonekana, ofisi ya ustawi wa jamii ilihitaji mahali pa kumlaza kwa haraka, na wanandoa hawa, ambao miaka ilikuwa imewapita bila kujaliwa mtoto, walikuwa wamejiandikisha kuwa malayika mlinzi. Ndivyo wanavyoitwa Kigali watu wanaompokea mtoto wa namna hiyo na kumlea nyumbani mwao.

Lakini kibali walichopewa kilikuwa cha muda, mwisho wake mwisho wa mwezi. Ili Shami abaki, afisa wa ustawi wa jamii alipaswa kuja kuitathmini nyumba kabla ya siku hiyo. Majirani, kwa upendo wao, walikwisha kuanza kumwita fundi Mama Shami. Alikataa katakata.

"Niiteni fundi kama zamani," aliwaambia. "Nikishalivaa jina hilo halafu wakamchukua mtoto, nitalivuaje?"

Afisa aliyewashughulikia aliitwa Uwera, msichana mpole aliyelelewa Bukoba, ambaye Kiswahili chake kilimpendeza sana Usumani. Alipanga kuja katikati ya mwezi. Hapo ndipo Mukandekezi alipofanya kosa ambalo angelifanya mwanamke yeyote wa mtaa ule.

Sebule yake ilikuwa karakana. Palikuwa na cherehani, meza ya kukatia, na benchi la wateja. Mgeni wa heshima hakalishwi kwenye benchi. Viti huazimwa kwa jirani, na hakuna anayeona vibaya. Jirani mwenye viti alikuwa Scovia, mrefu na mcheshi, aliyerudi kutoka Uganda na seti ya makochi ya rangi ya zabibu. Makochi hayo yalikuwa yamezunguka mtaa mzima: yamekaliwa na wajomba waliokuja kuposa, yamepokea wafiwa, yamepigwa picha pamoja na watoto waliobatizwa. Wiki ile ya tathmini yalikuwa yamekwenda Masaka, pembezoni mwa Kigali, kwenye sherehe ya mahari ya mpwa wake.

Mukandekezi akampigia simu afisa. "Dada Uwera, tafadhali tusogeze mbele kidogo. Nyumba haijawa tayari."

Uwera alipekua ratiba yake. "Fundi, nafasi niliyobakiwa nayo ni Ijumaa ya mwisho. Jumamosi yake ni umuganda, watu wote wako kwenye kazi za mtaa. Jumatatu ni tarehe mosi. Tathmini ikifanyika Ijumaa na ikikubaliwa, kibali kipya kinaanza tarehe mosi, pale pale cha zamani kinapoishia. Ijumaa ikitupita, siwezi kurudisha tarehe nyuma. Itabidi mtoto aende kwa familia iliyokwisha kuidhinishwa, kule Masaka."

"Ijumaa nitakuwa tayari," alisema Mukandekezi.

Ijumaa ilifika. Asubuhi, cherehani ilisukumwa chumbani, meza ya kukatia ikapelekwa uani, na makochi ya zabibu yakapita mlangoni kwa ubavu, Usumani akihema upande mmoja na Scovia akiamrisha upande wa pili.

"Inua, shemeji! Unabeba kochi au unalibembeleza?"

"Nalibembeleza lisinivunje mgongo."

Vitambaa vya kufuma vikatandikwa. Shami akavishwa gauni jipya na kuonywa asiguse kitu. Uwera alipoingia, alikaribishwa kwenye kochi kubwa, akaletewa chai ya maziwa. Akatazama ukuta. Akatazama dari. Kisha akakiinua taratibu kile kitambaa kilichofunika mkono wa kochi. Chini yake palikuwa na alama ya pasi, nyeusi, yenye ncha.

"Kochi hili," alisema, "nililikalia Jumanne. Nyumba nyingine, tathmini nyingine."

Usumani alikohoa. Scovia, aliyekuwa amesimama mlangoni kama shangazi wa bibi harusi, alijikuta ana shughuli ya haraka kwake.

"Ni la jirani," alisema Mukandekezi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sikutaka ukae kwenye benchi."

Uwera hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa akimtazama Shami, aliyesimama katikati ya chumba, mikono nyuma, katika nyumba iliyojaa viti.

"Mtoto huyu huwa anakaa wapi?"

Mukandekezi aligeuka kutazama uani, ilikopelekwa meza. Uwera akafunga mkoba wake.

"Fundi, siwezi kutathmini nyumba ambayo haipo. Nina familia nyingine ya kuona upande wa Kanombe. Nitapita tena jioni, kabla sijarudi ofisini Kicukiro. Nikiikuta nyumba yenu, nitaitathmini hiyo."

Moto iliyomchukua, pikipiki ya abiria, haijafika barabarani, tayari Scovia amerudi. "Haya, jamani, tubebe! Leo haya makochi yamenitia aibu mpaka kwa serikali!"

Walibeba. Mvua ikaanza wakati kochi kubwa liko katikati ya njia, wakakimbia nalo, Usumani akiwa amelifunika kwa shuka ya kitanda. Cherehani ikarudi mahali pake, meza ikarudi, benchi likarudi. Mukandekezi akaketi, akaendelea kushona suruali ya mteja. Si kwamba alikuwa na utulivu. Hakujua pengine pa kuiweka mikono. Mvua iliendelea. Mara mbili alisikia moto ikipunguza mwendo, na mara mbili ikapita.

Ya tatu ilisimama. Uwera aliingia akiwa amelowa, akatazama kulia na kushoto.

"Naona nimefika kwa fundi sasa. Shami yuko wapi?"

Kikohozi kidogo kikatoka chini ya meza ya kukatia, iliyogusana na cherehani. Pale, juu ya tandiko lililoungwa kwa mabaki ya vitenge, Shami alikuwa amepanga vifungo kwa rangi, mguu mmoja umeegemea mguu wa Mukandekezi uliokuwa ukikanyaga pedeli.

"Hapa ni kwangu," alisema mtoto. "Kichwa chako ni kikubwa, inama."

Uwera akainama, akaingia mpaka mabegani. Walikaa humo kitambo, wakizungumza habari za vifungo. Baadaye aliona kitanda cha mtoto, choo, jiko, akamuuliza Usumani maswali mengi, na akanywa chai yake ya pili akiwa amekaa kwenye benchi.

Simu ya Uwera ilikuja Jumamosi, watu wakirudi kutoka umuganda na majembe begani. Mukandekezi alisikiliza, akasema "Asante" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kisha akakaa chini pale pale kwenye ngazi ya mlango. Alicheka, akajifuta uso kwa futi ya kupimia.

"Wamekubali?" Usumani aliuliza, jembe bado mkononi.

"Wamekubali. Kinaanza tarehe mosi. Asubuhi twende ofisini tukatie saini, halafu tumpeleke chekechea akaandikishwe kama mtoto wa kwetu."

"Alhamdulilahi," alisema Usumani, na jembe likamponyoka.

Scovia, matope mpaka magotini, alikuwa amesikia yote. "Mama Shami!" alipaza sauti kutoka ng'ambo ya njia.

"Bado! Leo si tarehe mosi."

"Basi kesho?"

"Kesho ni Jumapili, mama. Jumatatu!"

Jioni hiyo alikata kitambaa cha sare ya chekechea. Hakumpima mtoto, vipimo alikuwa navyo kichwani. Shami, chini ya meza, alichagua vifungo, akavipanga karibu na mguu wa Mukandekezi, akauliza kama Jumatatu iko mbali.

"Iko njiani," alijibiwa, na cherehani ikaendelea.