Nyoka Aliyeniachia Mwanangu

Nyumbani kwetu Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, kuna chumba ambacho kwa miaka mitatu hakikuwashwa kiyoyozi, hata mwezi wa saba. Ukiingia tu, jasho linakutoka kabla hujafunga mlango. Mke wangu alikiita jahanamu ndogo, akaapa hatotia mguu humo, na hakutia. Mimi niliingia kila siku, asubuhi na baada ya alasiri, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya sanduku la kioo refu kama kitanda, nikamtazama nyoka wa mwanangu.

Mwanzoni nilimwita chatu. Mwanangu alinisahihisha kwenye simu, kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi kuliko matusi. Chatu hutaga mayai, akasema, kisha huyazungushia mwili wake mpaka yaanguliwe. Huyu ni boa, asili yake Amerika, na mayai yake huanguliwa ndani ya tumbo. Watoto wanatoka hai, wametimia.

"Na akishazaa?" nikauliza.

"Anaondoka zake, Baba. Watoto wanajitafutia wenyewe tangu siku ile ile."

Sikujua kama ananisomesha au ananipiga kijembe. Nilisema "Subhanallah," tukaagana. Hata hivyo yale yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo tangu aondoke.

Kuondoka kwake nilikusababisha mimi, na sitaki kumtupia mtu mwingine. Nilikuwa nimemtafutia kazi wizarani, pale pale nilipotumikia miaka thelathini, nikawaomba watu niliokuwa siwapendi. Akakataa. Alikataa mbele ya ami zake, barzani kwetu, kahawa ikiwa mikononi. Alisema anataka kwenda nje kusomea wanyama. Mimi nina hasira za karibu, kila aliyewahi kufanya kazi chini yangu anajua. Nikamwambia, na wote wanasikia: "Ningalijua, ningalifuga nyoka kuliko kulea mwana kama wewe."

Ami zake walicheka. Nadhani walidhani natania, maana kweli alikuwa na nyoka chumbani, aliyeachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa anahama nchi. Yeye hakucheka. Baada ya wiki mbili alikuwa kwenye ndege. Juu ya sanduku la kioo aliacha karatasi ya maagizo, kwa mwandiko wake mzuri wa Kiarabu, na chini kabisa aliandika maneno mawili kwa Kiswahili: "Haya, mfuge."

Mke wangu alitaka tumpe mtu. Nikasema hapana. Sikusema kwa nini, na nafikiri hata mwenyewe sikujua mpaka ile Ijumaa ya kwanza, baada ya sala, simu yangu ilipolia. Mama yake alikuwa akizungumza naye kila siku, wanatumiana picha za vyakula, wanacheka. Mimi alinipigia Ijumaa, dakika tano, na jambo lenyewe lilikuwa moja.

"Keshakula?"

"Kala."

"Panya mkubwa au wa kati?"

"Wa kati."

"Usimshike siku mbili tatu, Baba, atatapika."

Basi. Lakini nilikuwa nakaa wiki nzima nikizingoja dakika tano hizo. Nikaanza kusoma ili niwe na cha kumuuliza. Mzee wa miaka sitini na nane, nimevaa miwani, nasoma habari za mifupa ya taya. Nilijua kwamba ulimi wake hauonji, unakusanya harufu na kuipeleka kwenye vitundu viwili juu ya kaakaa. Nilijua kwamba macho yakigeuka ya buluu na ukungu, amekaribia kuvua ngozi, na siku hizo haoni vizuri, asisumbuliwe. Nilijua kwamba karibu na mkia ana kucha mbili ndogo, mabaki ya miguu waliyokuwa nayo wahenga wake. Hiyo nilimweleza mwanangu kama habari mpya. Akanisikiliza mpaka mwisho, ingawa alikuwa akiijua tangu ana miaka kumi na miwili.

Panya tuliwaweka kwenye friza ndogo stoo, mbali na nyama zetu. Nilikuwa namyeyusha mmoja kwa maji ya moto, nikamshika kwa koleo na kumtikisa mbele ya kioo. Nyoka alijirusha ghafla, mara moja, halafu mwili mzima ukajizungusha. Watu wanadhani anamnyima windo pumzi. Sivyo, anabana damu isipite, na kwa ngozi yake anausikia moyo wa yule aliyembana. Moyo ukiendelea kupiga, naye anaendelea kukaza. Ukisimama, analegeza. Wale panya wangu walikuwa wamekufa zamani, kwa hiyo hakuwabana sana. Nilimtazama akilegeza, nikawaza kwamba hata huyu anajua pa kuachia, na mimi barzani siku ile sikujua. Nililia mara moja humo chumbani. Nilisingizia jasho, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsingizia.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Shaabani, mwanangu alisema: "Huenda n'kaja Idi, Baba. Sijui bado. Huenda."

Neno "huenda" mimi sikulisikia. Nilisikia Idi.

Chumba cha nyoka ndicho chumba chake. Kitanda chake kilikuwa humo humo, kabati lake humo, kanzu zake zimetundikwa vile vile alivyoziacha. Nikafua mashuka. Nikanunua mto mpya. Na katikati ya Ramadhani nikafanya kile ambacho mama yangu alikuwa akifanya Unguja msafiri akikaribia kurudi, na kila nyumba yetu hapa Maskati bado inafanya: nikatia ubani. Nilichagua ule mweupe wa Dhofar, si makombo. Kila alasiri niliwasha makaa, nikaweka chetezo chini ya kanzu zake, nikafunga madirisha na mlango ili harufu iingie kwenye pazia na godoro. Niliacha hivyo saa nzima. Nilifanya siku saba.

Kwenye ile karatasi kulikuwa na mstari, wa nne kutoka juu: pasiwe na manukato, wala udi, wala ubani. Nilikuwa nimeusoma miaka mitatu. Sitasema nilisahau. Niliuona ni dharau ya kijana kwa mambo ya wazee wake. Ubani tunawatilia watoto wachanga, tunautia kwenye maji ya kunywa, tunawafukizia maiti. Tangu lini umedhuru kiumbe? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kwa kichwa changu hiki kigumu, huku nikipuliza makaa.

Siku ya tano nilisikia sauti kama mtu anayepuliza chai. Siku ya sita mapovu yalikuwa puani mwake. Nyoka wengi wana pafu moja tu la maana. Boa ana mawili, na nilikuwa nimejivunia hilo kwa wageni kana kwamba nimemuumba mimi. Sasa yote mawili yalikuwa yamejaa. Hawezi kukohoa, hana nyama za kumsaidia kukohoa. Anachoweza ni kuinua kichwa juu, mdomo wazi, na kukaa hivyo. Alikaa hivyo usiku na mchana. Na mimi, Mungu anisamehe, alasiri ya siku ya saba nilitia ubani tena, kwa sababu nilidhani ana mafua, na mafua sisi tunayafukiza.

Daktari wa mifugo niliyempata alikuwa amezoea ngamia na kipanga. Alimtazama mdomoni, akanusa kanzu yangu, akauliza: "Mnafukiza ndani?"

"Kidogo."

Hakunisema. Alimdunga sindano, akanipa nyingine nikamdunge mwenyewe, akaniambia nifungue madirisha. Nilifungua. Siku tatu kabla ya Idi nilimkuta amenyooka. Boa hanyooki, hata akilala anajikunja. Nikajua kabla sijagusa kioo.

Jioni ile ile mke wangu alikuja mlangoni, akabaki nje ya kizingiti. "Kasema haji," akaniambia. "Kazi. Labda mwakani."

Nikamwambia nyoka kafa. Akasema: "Hilo mwambie mwenyewe. Mimi simo."

Asubuhi yake nilimfunga nyoka kwenye shuka, lile nililolifua, nikaendesha mpaka vilima vya Qantab. Mahali pale ni mawe matupu. Nilichimba kwa sururu nikiwa nimefunga, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mvuvi mmoja alipita akauliza nazika nini. Nikamwambia paka.

Ijumaa ilipofika simu ililia. Nilikuwa nimejitayarisha kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno kama hotuba.

"Keshakula?" akauliza.

"Kala," nikasema. "Wa kati."

Hakuna mnyama rahisi kumsingizia uhai kama boa. Anakula mara moja kwa wiki tatu. Baina ya hapo hafanyi kitu. Habweki, hatoki nje, majirani hawamsikii. Nilihitaji kusema mara moja moja tu kwamba macho yameingia ukungu, na baada ya siku kumi kwamba ngozi imetoka nzima, mpaka vifuniko vya macho. Akitaka picha, nilikuwa nazo mia. Nilisoma kwamba wanaishi miaka ishirini, wengine thelathini. Nikapiga hesabu: nitakufa mimi kabla ya yeye kustahili kufa. Ilinipa faraja, hesabu hiyo. Hapo ndipo nilipokuwa nimefika.

Na ili uongo usiwe mtupu, kila wiki ya tatu nilitoa panya kwenye friza, nikamyeyusha kwa maji ya moto, nikampeleka chumbani, halafu nikamtupa. Taa ya joto niliiacha inawaka. Kiyoyozi sikukiwasha. Nilikaa kwenye kile kiti, nikatoka jasho mbele ya sanduku tupu, nikifikiria nimwambie nini Ijumaa. Mke wangu aliliona hilo na hakusema neno. Wakati mwingine nilitamani aseme.

Idi kubwa ikapita hivyo. Ukaingia mwaka mpya wa Kiislamu. Ijumaa moja, baada ya kuniuliza kuhusu maji na joto, mwanangu aliniambia: "Baba, nimepata mtu wa kumchukua. Yuko Rusayl, anafuga, anajua kazi. Atakuja kesho na gari."

"Wa nini?" nikasema. "Hanisumbui."

"Nnajua hakusumbui. Lakini umekuwa mtu mzima, si haki n'kutwike mzigo wangu. Na mimi sirudi, Baba. Nimepata kazi huku ya kudumu. Mama nimeshamwambia."

"Mwache hapa."

"Baba, nimeshaongea na mtu."

"Nimekwambia mwache!" Nilipiga kelele, kama barzani. Halafu nikasikia pumzi yake, anangoja, kama alivyokuwa akingoja utotoni mpaka nimalize. Nikasema: "Kafa."

"Lini?"

"Kabla ya Idi."

"Idi ipi?"

Alikuwa anahesabu, nilimjua, hesabu zake zilikuwa za haraka. Panya wa Shawwal, baada ya Idi ndogo. Panya wa Dhulqaada. Ngozi mbili.

"Kafa kwa nini?"

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwapo, yamepangana: nilikuwa nakutengenezea chumba, mwanangu, nilitaka ukiingia unuse nyumbani. Na nilidanganya kwa sababu sina kamba nyingine ya kukushika, na bila nyoka yule wewe huna haja na mimi. Ni maneno mepesi. Mama yake angeyasema huku anakaanga vitumbua. Mimi nikasema: "Wanyama hufa."

"Haya, Baba," akasema. "Ahsante kwa kumtunza."

Ijumaa iliyofuata nilirudi msikitini mapema na kuweka simu juu ya meza. Haikulia. Wala iliyofuata. Ya tatu nilisikia kicheko jikoni, nikaenda. Mke wangu alikuwa ameegemeza simu yake kwenye kopo la sukari, anakata vitunguu, na sauti ya mwanangu imejaa chumba, anamhadithia kitu kuhusu theluji. Nilisimama mlangoni. Aliponiona alifuta mikono, akaniangalia usoni, na sijui aliona nini, maana hajawahi kunionea huruma hivyo.

"Ngoja," akamwambia. "Baba yako yuko hapa, anataka kuzungumza na wewe."

Mwanangu hakuwa na hasira. Aliuliza kwa adabu, kama mtu aliyeitwa ofisini asiyejua ameitiwa nini.

"Kuhusu nini?"

Mke wangu akanigeukia na kisu mkononi, akingoja nijibu.