Gari Langu Lililokufa Lilinipigia Honi Masii

Wengine hapa mnasimulia majini. Mimi sijawahi kuona jini.

Mimi niliona pikapu yangu, iliyotangazwa kufa na watu waliovaa tai shingoni, ikija mbio kwenye barabara ya Masii. Dereva wake, mtu nisiyemjua, akanipigia honi.

Nilikuwa nimesimama kando ya magunia yangu ya ndengu nikitafuta usafiri.

Ngoja nianze mwanzo, maana hasira hunifanya nirukie katikati.

Ilikuwa mwaka wa 2002. Jina langu ni Syombua, lakini Machakos wengi wananijua kama Mama Mwikali. Kazi yangu ilikuwa kununua ndengu na maharagwe Masii na kuyapeleka kwa shule za bweni. Pikapu niliinunua kwa jasho langu, ikiwa tayari imezeeka. Mlango wa kushoto ulikuwa umebonyea, ukifungwa kwa kusukumwa na kiuno. Nyuma, mwenyewe wa kwanza alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: USICHEKE BADO.

Mume wangu alikuwa kazini Mombasa. Mwanaume mzuri, lakini hajui kuendesha hata mkokoteni.

Basi pikapu ikaanza kuchemsha. Kilima kidogo tu, mvuke unatoka kwenye boneti, nasimama, naomba maji kwa watu.

Wakati huo kampuni moja ya magari ilikuwa imefungua shorumu pale mjini. Jina silitaji, walishafunga na kuondoka. Vioo kila mahali, sakafu inang'aa, maua ya plastiki. Wakatangaza kwamba hata magari ya zamani yanatengenezwa na wataalamu. Nikajiambia, Syombua, umezungushwa na mafundi wa kando ya barabara miaka yote. Leo nenda uhudumiwe kama watu.

Nikapokelewa na kijana anaitwa Rodgers. Shati jeupe, tai, funguo zinaning'inia kiunoni.

"Gari ni ya nani, mama?"

"Ni yangu."

"Sawa. Na mwenyewe ako wapi?"

Nikadhani hakusikia. "Mwenyewe ndiye mimi."

Akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mtoto. "Ni sawa, mama. Lakini mambo ya injini ni magumu kidogo. Tuletee mwenyewe tuongee na yeye."

Nilitaka kumtukana. Lakini shule zilikuwa karibu kufunguliwa na nilihitaji gari, si ugomvi. Nikaenda kutafuta mwanaume.

Nikamchukua shemeji yangu Ndunda, ndugu ya mume wangu. Mwalimu huko Kalama. Koti la sufu hata jua likiwaka, kalamu mbili mfukoni, na kichwani majibu ya maswali yote ya dunia. Hajawahi kumiliki gari. Baiskeli yenyewe ilikuwa ikitoka cheni anaisukuma mpaka nyumbani akisema anafanya mazoezi.

Nilimchagua kwa sababu ya koti.

"Shemeji," nikamwambia, "wewe simama tu pale. Maneno nitasema mimi."

Aiya! Nani alinipa nafasi ya kusema?

Ndunda alipoingia tu, Rodgers akaanza kumwita "bosi". Akamwingiza kwenye chumba cha vioo chenye makochi na feni. Akaletewa chai ya maziwa na biskuti kwenye sahani. Mimi nikaachwa kwenye benchi karibu na matairi, lakini mlango ulikuwa wazi.

"Bosi, unaijua silinda hedi?" Rodgers akauliza.

"Naijua sana," Ndunda akasema, akichovya biskuti.

Tuliambiwa tuliache gari likaguliwe. Baada ya siku kadhaa tukaitwa tena. Rodgers alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu analeta habari za msiba.

"Bosi, pole. Injini imekufa. Silinda hedi imepasuka. Ukiendesha hii gari itawaka moto na watu ndani."

"Hata mimi nilikuwa nimeshuku," Ndunda akajibu.

Nikainuka pale kwenye benchi. "Rodgers, huo ufa umeuona?"

Hakuniangalia. "Bosi, mfafanulie mama."

Na Ndunda akanifafanulia! "Shemeji, silinda ni kama chungu. Chungu kikipasuka utakishona?"

"Sijauliza mambo ya chungu. Nimeuliza kama mmeuona ufa."

"Ufa wa injini hauonekani kwa macho," akasema, na Rodgers akaitikia kwa kichwa kana kwamba anafundishwa.

Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa linavuma ndani ya koti.

Ushauri wa wataalamu ukawa huu: niwaachie gari kwa bei ya chuma chakavu, niongeze pesa, nichukue lingine kutoka kwa yadi yao. Nikasema siuzi. Nikasema nitafikiria kwanza. Ndunda aliniangalia kwa huruma, kama mwanafunzi aliyeanguka mtihani rahisi. Gari likabaki pale, maana ni nani angekubali kuendesha kitu ambacho kitawaka moto?

Shida ikaanza. Mteja wangu mkubwa alikuwa shule moja ya wasichana. Mweka stoo wao, mama mmoja anaitwa Kamanthe, akanipigia simu.

"Mama Mwikali, ndengu zisipofika kabla ya wasichana kufika, kuna mtu mwingine anaitaka hii kazi. Nisikudanganye."

Shule hiyo ikiniponyoka, mimi ni wa kurudi chini kabisa, kuuza kwa gorogoro, kopo kwa kopo, juani, na binti yangu Mwikali alikuwa ndiyo anaingia sekondari. Nililia jikoni. Sijidai, nililia.

Ndiyo maana siku ile nilikuwa Masii na magunia yangu, wenye malori wakiniitisha pesa kama nabeba dhahabu. Na ndiyo hapo honi ikalia.

Nikageuka. Pikapu ya rangi ya maziwa. Mlango wa kushoto umebonyea palepale. Ikanipita, nikasoma nyuma: USICHEKE BADO.

Nikasoma tena.

Halafu ikasimama, ikarudi nyuma. Dereva akatoa kichwa dirishani. Mwanaume wa makamo, kofia, uso wa kucheka.

"Habari, mama. Hizo gunia zinaenda wapi? Natafuta mzigo, na bei yangu si mbaya."

"Machakos," nikasema. "Gari ni yako?"

"Karibu iwe yangu. Naitwa Karanja, nauza vitunguu kule Yatta. Nimeshaweka pesa kidogo pale shorumu, leo jioni namaliza. Sasa naijaribu na mzigo nione kama inapanda."

"Na injini yake?"

"Wacha tu! Haijawahi kufunguliwa. Rodgers ameniapia. Mwenyewe ni mwalimu, aliiendesha pole pole. Anauza kwa vile anataka gari ya saloon. Mwalimu Ndunda, mtu poa sana, tumekunywa chai na yeye."

Nilitaka kupiga mayowe soko lote likusanyike.

Lakini mimi ni mwanamke wa biashara. Mzigo kwanza, vita baadaye.

"Karanja," nikamwambia, "kama unataka kujua gari, lijaze."

Vijana wakapakia ndengu zote. Nikapanda mbele, nikafunga mlango kwa kiuno bila kufikiri.

Karanja akashangaa. "Umejuaje huo mlango?"

"Nimekisia."

Tukapatana nauli. Ndiyo, msomaji, nililipa nauli ndani ya gari langu mwenyewe. Cheka, nimekuruhusu.

Njiani nilikuwa naangalia mshale wa joto kwenye dashibodi tu. Kilima cha kwanza, umetulia. Cha pili, umetulia. Gari limejaa mpaka juu na haliombi maji.

"Lilikuwa linachemsha?" nikauliza polepole.

"Kidogo. Ilikuwa thamostati, kitu ya kuchunga joto ya injini, inatoshea mkononi. Walibadilisha ndio niweze kuijaribu. Rodgers alisema ni zawadi."

Mnaelewa? Ugonjwa waliujua. Dawa walikuwa nayo. Mgonjwa walimponya vizuri kabisa, halafu wakaniambia nichimbe kaburi.

Tukapitia shuleni. Kamanthe akapokea magunia, akasaini, akasema, "Si uliniambia gari imekufa?" Nikamwambia imefufuka na nitamweleza nikimaliza kazi moja mjini. Karanja akaanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Tulipokaribia mjini nikamwambia ukweli. Jina langu, kitabu cha umiliki wa gari kiko wapi na kina jina la nani, niliambiwa nini kuhusu injini. Akakanyaga mafuta.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku hiyo ilikuwa fupi hata zaidi, kwa sababu Karanja alikuwa anaendesha kama ambulensi.

Rodgers alituona tukishuka pamoja. Uso ukamwisha rangi. Mle ndani kulikuwa na wateja wengi, na mimi Mungu hakunipa sauti ndogo.

"Rodgers! Injini imekufa ama haijawahi kufunguliwa? Chagua moja, tukusikie wote!"

"Mama, tafadhali, twende ofisini..."

"Mimi uliniapia," Karanja akasema. "Uliniapia na jina la mamako."

"Kuna... kulikuwa na mkanganyiko. Mama, acha niongee na mwenyewe."

Hata hapo! Hata nyumba ikimwangukia, bado anatafuta mwanaume wa kuongea naye. Mzee mmoja kwenye foleni akachukua funguo zake kaunta, akasema yeye gari lake atalipeleka kwingine, wengine wawili wakamfuata. Karanja akadai pesa zake au polisi, na akarudishiwa mbele ya watu, noti kwa noti. Kisha akanikabidhi funguo za pikapu, akasema, "Mama, pole. Hata mimi nilikuwa naona bei ni tamu sana."

Nilipokuwa natoka, amini usiamini, Rodgers akapata ujasiri.

"Mama, na ile thamostati haijalipwa."

Nikanyoosha kidole kwa chumba cha vioo. "Mwenyewe si yule pale? Muitishe."

Ndiyo. Ndunda alikuwa mle ndani wakati wote huo, kwenye kochi, koti limefungwa vifungo vyote, anangojea mauzo ya gari langu yakamilike. Kikombe kilikuwa mkononi. Alijifanya anasoma gazeti.

Nilimfuata. "Shemeji, inuka twende."

Akainuka. Kikombe akakiweka chini polepole sana.

Tuliondoka. Nilikuwa naendesha na kupanga maneno ya kumwambia mume wangu kwa simu, na ya kuwaambia wazee wa ukoo. Nilitaka Ndunda atapike kila shilingi. Tulipofika njia ya kwenda Kalama nikasimamisha gari kando, nikazima.

"Sasa sema. Walikupa nini?"

"Hakuna."

"Ndunda, usinichezee. Uliuza gari ya kakako..." Nikajishika. Hata mimi! "Uliuza gari yangu. Walikupa ngapi?"

"Hakuna kitu, Mama Mwikali. Naapa."

Akatoa mifuko yake nje, yote miwili. Kalamu, leso, na biskuti moja imefungwa kwa karatasi. Alisema alikuwa anampelekea mtoto wake mdogo.

"Basi kwa nini?"

Aliirudisha biskuti mfukoni kwa uangalifu. Nilipoona hivyo nilijua hadanganyi.

"Siku ya kwanza waliniuliza kama naijua silinda hedi. Nikasema naijua. Wakafurahi. Wakauliza lingine, nikasema najua. Kila wakiuliza, nasema najua. Halafu Rodgers akasema, bosi, mtu anayejua magari kama wewe anaona wazi hii ni ya kuuza. Nikasema naona, basi iuzwe. Sasa ningesema nini kingine? Ningerudi nyuma kutoka wapi?"

"Ungeniita mimi."

"Waliniita bosi, shemeji. Shuleni hakuna mtu ananiita bosi."

Hasira yangu yote ilikuwa imejiandaa kukutana na mwizi, na mwizi hakuwepo. Angekuwa amehongwa ningemwelewa, tamaa naijua, hata mimi ninayo. Lakini huyu aligawa chakula cha watoto wangu, karo ya Mwikali, jina langu pale shuleni, bure kabisa, ili kijana mwenye tai asijue kwamba hajui.

"Ndunda," nikamuuliza, "silinda hedi ni nini?"

Alifungua mdomo. Niliona jibu likija, nikaona akilimeza.

"Sijui."

Nimemjua shemeji yangu tangu niolewe, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo kwake. Kukosa kulisema kulikuwa karibu kunigharimu gari zima.

Akashuka, akaanza kutembea kuelekea kwao, koti begani. Sikumwambia mume wangu wala wazee. Nilimdharau siku hiyo, na kusema kweli bado namdharau kidogo, lakini sikuwa na la kumshtaki. Ukoo ungeuliza alichukua nini, nami ningejibu nini? Chai?

Funzo langu ni fupi. Mwizi humwogopa mwenye mali, ndiyo maana hujificha. Mtu asiyeweza kusema "sijui" hajifichi. Atakaa mbele ya watu, mchana kweupe, akitoa kilicho chako na kushukuriwa. Ukimpata wa aina hiyo kwenye ukoo wako, mpende, mlishe, msalimie vizuri.

Lakini funguo zako lala nazo.